Njoo Bujumbura na Swali Moja: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mwenye Haraka

Hatua ya kwanza katika ziara ya masomo Bujumbura ni kuichukua ile ratiba mliyopewa na idara, yenye vituo vingi kuliko saa za mchana, na kuichana. Ichaneni kwa adabu, mhadhiri akiwaona, kisha mpeni muda apoe. Ratiba za namna hiyo nazijua. Saa moja asubuhi viboko wa Rusizi, saa tatu jiwe la Mugere, saa tano kaburi la Rwagasore, saa saba samaki, saa tisa ufukweni. Kesho yake Gitega, Rutovu na maporomoko ya Karera, kwenda na kurudi, kwa basi moja na dereva mmoja asiyelala. Mwanafunzi wa ratiba hiyo anashuka, anapiga picha, anahesabiwa, anapanda. Akiulizwa kwao Burundi kukoje, anajibu kwamba ni kuzuri na kuna milima. Kwa jibu hilo hakuhitaji kuvuka mpaka.

Hatua ya pili ni kuchagua swali, moja tu, na kulibeba kila mnakokwenda. Mimi nina swali ninalowapendekezea wote, wa jiografia, wa historia, wa uchumi, hata yule wa uhasibu aliyekuja kwa sababu kiti kilibaki kwenye basi: maji haya yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Linasikika kama swali la darasa la nne. Lakini Bujumbura imekaa mahali ambapo swali hilo limewahangaisha watu wazima wenye vyeo, na karibu kila mahali panapofaa kutembelewa huku, pa maumbile na pa utamaduni, mtapafikia kwa kulifuata.

Anzieni ufukweni, mmesimama, simu ziko mfukoni. Mbele yenu ni ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachokaribia mita 1,470; duniani ni ziwa la Baikal peke yake, huko Siberia, lililolizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Ng'ambo, juu ya Uvira, ni milima ya Kongo, ambayo mvua ikishaosha vumbi inaonekana karibu mno, hata mgeni akadhani ataifikia kwa kuogelea. Asijaribu. Sababu nitazieleza nikifika kwa mamba.

Kaskazini-magharibi mwa mji ndiko Mto Rusizi unakoingia ziwani, ukitokea Ziwa Kivu. Ninyi mnajua kwamba unaingia kwa kuwa ramani inasema. Mwaka 1858 ramani haikusema kitu. Richard Burton na John Hanning Speke walipanda mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani na kuelekea kaskazini, maana kama unatoka, huenda ndio Nile. Hawakuufikia mdomo wa mto. Wenyeji, wana wa chifu wakiwamo, waliwaambia waziwazi kwamba maji yanaingia. Jibu likawa limetolewa, tena bure, na watu wanaokaa hapo. Huko Ulaya wataalamu wakaendelea kubishana kwa miaka mingine 13, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi kutoka huko huko Ujiji, wakapenya kwenye matete, wakatazama mkondo kwa macho yao. Maji yalikuwa yanaingia.

Safari hiyo ya 1871 ndiyo ziara ya masomo ninayoiweka mbele yenu kama mfano. Walikuja na swali moja, wakalifuata mpaka penyewe, na jibu lilipovunja matumaini ya kuliunganisha ziwa hili na Nile kwa njia ya Rusizi, wakaliandika hivyo hivyo. Nawaomba muige hilo. Nawaomba pia mfanye lile ambalo wakubwa wa Ulaya hawakulifanya: mwenyeji akisema, andikeni alichosema siku hiyo hiyo, pamoja na kwamba ni mwenyeji aliyesema.

Jiwe lao liko Mugere, kusini mwa mji, kilomita kumi na kitu kwa barabara ya Rumonge. Ni mwamba mkubwa uliochongwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Walilala hapo usiku mara mbili, wakiwa wageni wa chifu Mukamba. Mtaambiwa kwamba hapa ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza. Hapana. Walikutana Ujiji wiki kadhaa kabla, na mtu yeyote kutoka Kigoma aliye kwenye msafara wenu ana haki ya kulisema hilo kwa sauti, mara moja, kisha anyamaze wengine wafurahie mandhari. Someni jiwe, halafu ligeuzieni mgongo mtazame ziwa. Nusu saa inatosha.

Rusizi, kinyume chake, ipeni asubuhi nzima. Hifadhi ya Taifa ya Rusizi iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, na mfike kabla jua halijawa kali. Kuna sehemu ya delta yenye matete, viboko, mamba na ndege wa kila rangi, na kuna sehemu ya mikoche iliyosimama kwenye mbuga kavu, ambayo msafara wenye haraka huipita bila kushuka. Shukeni. Kwa boti ndogo mtafika pale ambapo maji ya kahawia ya mto yanaingia katika maji ya ziwa na kukaa kando kando kwa muda kabla ya kuchanganyika. Ndilo jibu la swali la 1858, na linaonekana kwa macho tu, bila kifaa chochote.

Sasa kanuni za viboko na mamba, ambazo sizifanyii utani hata kidogo. Kiboko anatoka majini jioni kula majani, na Bujumbura anatoka mpaka kwenye viwanja na bustani za kando ya ziwa, ndani ya mji. Usisimame kati yake na maji. Usimfuate kwa ajili ya picha. Anaua, na mbio zake zinashinda zako. Kuhusu mamba, yuko mmoja mnayemjua tayari, Gustave, yule ambaye Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi miaka mingi, alimpa jina, akamfuatilia na kujaribu kumtega bila mafanikio, na ambaye habari zake zilizaa filamu ya Hollywood ya mwaka 2007, *Primeval*. Katika kila msafara yuko kijana ambaye swali lake la kwanza ni kama Gustave bado yu hai. Kijana huyo awanunulie wenzake wote soda. Kisha aulize swali lenye faida: kama mamba wapo na kila mtu anajua kwamba wapo, kwa nini watu wanaingia majini kila siku? Jibu atalipata kwa mama anayefua na kuchota, na kwa mvuvi anayesukuma mtumbwi akiwa amezama mpaka kiunoni. Wanaingia kwa sababu ya maji ya kunywa, nguo na chakula cha jioni. Mwanafunzi akirudi nyumbani na jibu hilo, amejifunza kuhusu mamba zaidi ya aliyetazama filamu mara mbili.

Njiani mtapita Gatumba, na hapo naomba basi lisikimbie. Kuanzia mwaka 2020 maji ya Rusizi na ya ziwa yamewatoa watu wengi majumbani mwao, wakaenda kuishi kambini. Mwaka 2024 kina cha ziwa kilipanda kikakaribia kile cha mwaka 1964, ambacho wazee wa mji huu bado wanakisimulia. Mwanafunzi aliyebeba swali letu ataelewa kwa nini. Mito inayoingia Tanganyika ni mingi. Unaotoka ni mmoja, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji haipiti hata huko bali hupaa kwa mvuke. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa halina pengine pa kuyapeleka isipokuwa kupanda ufukweni. Msipige picha za nyumba zilizozama kama mnavyopiga za viboko. Ni nyumba za watu, na wenyewe mara nyingi wamesimama hapo hapo wakizitazama.

Siku ya samaki ianze usiku. Wavuvi wa ziwa hili hutoka na taa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa ndagala, yaani dagaa wetu, hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka taa zinakosa kazi. Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe ya ziara tazameni kalenda ya mwezi, wala msingoje kuambiwa na idara. Mkisimama mahali pa juu mtaona taa zimetanda majini. Alfajiri nendeni wanakoshushia samaki, Kajaga kwa mfano, mkae kando msizuie njia, kwa kuwa saa hiyo akina mama wako kazini na bei inabadilika mnapopepesa macho. Ndagala wabichi wanapimwa, wanabishaniwa, wanachukuliwa, waliobaki wanaanikwa. Pamoja nao mtamwona mukeke, ambaye wanafunzi kutoka Kigoma watamtambua na kumwita mgebuka, na sangala mkubwa. Mukeke anakula ndagala, binadamu anakula wote wawili.

Hapa swali la maji linazaa jingine gumu. Kina chote kile, mita elfu moja na mia nne na zaidi, karibu hakina kiumbe kinachohitaji kupumua: chini ya mita mia moja mpaka mia mbili hivi hewa ya oksijeni inakwisha, na samaki wote wanaishi katika tabaka la juu. Rutuba imelala chini, na upepo ndio unaoichota kuipandisha. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na uzalishaji wa ziwa unashuka. Mama anayeuza ndagala hakuusoma, lakini mwulizeni kama samaki ni wengi kama wa zamani za mama yake, mkae chini, mwandike. Na mnunue. Kumwuliza mfanyabiashara maswali asubuhi nzima na kuondoka mikono mitupu ni utovu wa adabu ambao hakuna cheti cha chuo kinachoufuta.

Kula ni sehemu ya masomo. Mukeke wa kuchoma na ndizi, ubugari, isombe, yaani kisamvu, iliyotiwa ndagala, maharage ambayo Mrundi hawezi kukaa siku nyingi bila kuyaona. Kitu mkipewa, kipokeeni kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko. Usitangaze mezani kwamba kwenu samaki hupikwa kwa nazi. Tunajua, na tunawatakia heri.

Ziwa halikuleta samaki peke yao. Lilileta watu pia: kutoka Ujiji, kutoka Manyema, kutoka pande zote ambako mitumbwi na misafara ya biashara ilipita, na wengi wa watu hao wakakaa Buyenzi. Kama nafasi yenu Bujumbura ni ya alasiri moja tu, basi iwe Buyenzi, na mengine yote yaacheni. Ni mtaa ambao utawala wa Wabelgiji uliutenga kwa ajili ya Waswahili. Avenyu zake zinajulikana kwa namba, misikiti iko jirani jirani, mafundi wa magari wanafungua injini barabarani, na Kiswahili ndicho lugha ya baraza, ya duka na ya ugomvi. Mwanafunzi kutoka Dar es Salaam au Mombasa, nisikilize vizuri: Kiswahili cha Buyenzi usikisahihishe. Usicheke. Kimekaa hapa vizazi na vizazi katikati ya Kirundi na Kifaransa bila kusaidiwa na wizara yoyote, na wenye lugha hiyo wanaijua historia yao kuliko kitabu chako cha sarufi. Salimia kwanza, ukae ukikaribishwa, unywe chai ukipewa. Wazee waite baba na mama, kisha nyamaza.

Ukinyamaza vya kutosha utasikia mambo ambayo hayamo kwenye mabango ya utalii. Katika miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukiwatoza kodi wanawake wa mjini waliokuwa wakiishi bila mume. Serikali ilidhani inawasaka makahaba; iliwakamata pia wajane na walioachika, wanawake Waislamu wa Buyenzi waliokuwa wakijitafutia riziki kwa heshima, na kodi yenyewe ikawa tusi. Wanawake wale walikataa, wakapinga hadharani. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu ya sakata hilo katika makala ya mwaka 1991, na kwangu mimi hakuna mnara katika mji huu unaolizidi uzito. Lakini hakuna jiwe lililochongwa. Livingstone na Stanley walilala Mugere usiku mara mbili wakapewa mwamba. Wanawake waliosimama mbele ya dola kwa ajili ya jina lao hawana hata kibao kwenye kona ya avenyu. Mwanafunzi wa historia akitaka mada ya tasnifu, ndiyo hiyo, na wajukuu wa wanawake hao bado wanapika chapati mtaani.

Ni katika mtaa huo huo ambapo Mwanamfalme Louis Rwagasore alipata watu wake wa mwanzo. Alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa, lakini mwaka 1957 alianza na ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa mjini wakawa naye. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo, akiwa waziri mkuu mwenye umri wa miaka 29, alipigwa risasi akila chakula cha jioni katika hoteli ya kando ya ziwa. Mgiriki aliyefyatua, Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, mlimani, na kutoka hapo mji wote na ziwa lote viko chini yenu. Nendeni baada ya Buyenzi, msiende kabla. Mkifuata mpangilio huo mtapanda mlima mkijua mnamtembelea nani.

Soko kuu la zamani msilitafute; liliungua tarehe 27 Januari 2013. Ulizeni soko la kwa Siyoni, na mzigo mwulinde.

Baadaye ndipo tunapanda kwenda bara. Barabara ya RN1 inatoka mjini, kwenye kimo cha mita mia saba na kitu, ikapinda na kupinda mpaka Bugarama, juu ya mita elfu mbili, ambako mtajuta kuacha masweta. Njiani mtaona vijana wa baiskeli wakishuka kwa kasi na mikungu ya ndizi au magunia ya mkaa, na wengine wakipanda kwa kujishikiza nyuma ya malori. Wanafunzi hupiga kelele za furaha wakiwaona. Mimi naomba dereva asimame kwenye kituo cha ndizi, mmoja wenu amwulize kijana ametoka wapi saa ngapi, mkungu ananunua kiasi gani na kuuza kiasi gani, ili furaha hiyo ijue gharama yake.

Karibu na Bugarama fanyeni jambo ambalo litawafanya wapita njia wawacheke, na muwaache wacheke. Shukeni na chupa ya maji. Milima hii ndiyo mgongo unaoigawa Kongo na Nile. Mwageni nusu upande wa magharibi: maji hayo yatashuka Tanganyika, yakipata bahati yatapita Lukuga, yaingie Mto Kongo, yafike Bahari ya Atlantiki. Nusu nyingine mwageni mashariki: Ruvubu, Kagera, Ziwa Viktoria, Nile, mpaka Bahari ya Mediterania. Swali lenu la darasa la nne limepata majibu mawili kwa chupa moja, na hakuna mhadhara unaoweza kulifundisha hilo kwa dakika mbili.

Kaskazini yake ni msitu wa Kibira, kiasi cha kilomita za mraba 400, uliokuwa mahali pa kuwindia pa wafalme na leo unaungana na Nyungwe ya Rwanda. Mashamba ya chai ya Teza yameegemea ukingo wake. Sokwe wamo, na mkiwaona mshukuru, lakini msiwadai. Msitu huu una kazi kubwa kuliko kuonyesha sokwe: unaihifadhi mvua na kuiachia polepole, na bwawa la Rwegura, linalozalisha umeme, limejengwa hapo hapo. Anayechaji simu Bujumbura ana deni Kibira.

Gishora iko kama kilomita 7 kutoka Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi. Ndiyo patakatifu pa ngoma, palipounganishwa na Mwami Mwezi Gisabo, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Ngoma hupangwa nusu duara, idadi yake isiyogawanyika kwa mbili, na katikati inkiranya, ambayo inaamuru. Zile ziitwazo amashakwe zinashika mapigo yasiyokatika. Ibishikizo zinamfuata aliye katikati. Wapigaji wanaingia wakiwa wamezibeba vichwani huku wakipiga, na nawaambia kwa uzoefu wa mwenyeji kwamba simu haiwezi kuirekodi ngoma hiyo, kwa sababu sehemu kubwa yake inasikika kifuani. Rekodini dakika moja kwa ajili ya mama nyumbani, kisha msikilize. Mti unaochongwa ngoma unaitwa umuvugangoma. Ulizeni unapandwa wapi sasa na nani anaupanda.

Wasichana wa msafara wajue mapema kwamba amri ya rais ya mwaka 2017 iliwazuia wanawake kupiga ngoma hizi. Kabla yake vilikuwapo vikundi vya wanawake waliopiga, tena vizuri. Sikubaliani na amri hiyo na sioni sababu ya kuwaficha msimamo wangu. Waulizeni wapigaji wenyewe, kwa heshima, wanasemaje. Majibu hayafanani.

Kutoka Gitega shukeni kusini mpaka Rutovu. Hapo Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo mwaka 1938 juu ya kilima, kwa kuwa chini yake inatoka chemchemi ya Kasumo, chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Wanafunzi wengi wakifika huvunjika moyo: kilima, piramidi isiyofika hata kimo cha nyumba ya ghorofa, na maji membamba kama ya bomba la nyumbani. Hapa ndipo swali linapomsaidia aliyelibeba. Yule aliyemwaga chupa Bugarama anatazama ule uzi wa maji na kuona Khartoum na Kairo. Rwanda nao wana chanzo chao Nyungwe, na wana hoja zao za umbali. Msiamue kesi hiyo kwenye basi, hamtaimaliza. Muhweza, kwenye chemchemi za maji moto, pako karibu, kwa wenye viungo vilivyochoka.

Halafu Buta. Hapa mwongozo wangu unaacha mzaha, na nawaomba mwache pia. Katika seminari ndogo ya Buta, kule Bururi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia kwenye bweni wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi walikataa kutengana. Arobaini wakauawa. Walikuwa wa umri wenu au wadogo kidogo kuliko ninyi, waliosoma kwa mitihani kama yenu na kugombania vitanda kama ninyi. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wao, aliandika kitabu kuwahusu. Makaburi yako hapo, pamoja na kanisa la ukumbusho. Msafara wa wanafunzi ukija Burundi na kuiruka Buta kwa sababu muda umebana, basi muda huo utafutwe kwingine. Punguzeni ufukwe, punguzeni hata Rusizi niliyoisifu. Someni majina yote. Msipige picha mkiwa ndani ya picha.

Kutoka Bururi teremkeni Rumonge, kwenye michikichi na mafuta ya mawese, mrudi Bujumbura kwa barabara ya ziwani. Mtakuwa mmeuzunguka mgongo wa nchi.

Mambo ya lazima nayapitisha haraka. Mafuta ya gari yamekuwa ya shida kwa miaka kadhaa, kwa hiyo zungumzeni na mwenye basi mapema na mjiandae kutembea. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii. Msipange safari, na mkialikwa kufagia, fagieni. Pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji Machi 2022. Bebeni faranga taslimu. Askari, madaraja na bandari havipigwi picha. Ramani yenu ya mikoa 18 imepitwa. Tangu 2025 mikoa ni mitano, ingawa wasafiri wataendelea kusema Bururi na Rutana, na ninyi semeni hivyo hivyo. Riwaya ya Gaël Faye, *Petit Pays*, ya mwaka 2016, isomeni kabla ya kuja, hasa mnaotaka kujua watoto wa mji huu waliionaje miaka ya tisini.

Alasiri ya mwisho iwe kampasi ya Mutanga, Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964. Msiende kutazama majengo. Tafuteni wanafunzi wa fani yenu, mkae nao kwenye majani, muwasomee mlichoandika kuhusu Gatumba, Buyenzi na wavuvi, kwa Kiswahili au Kifaransa, wawasahihishe. Watawasahihisha sana. Andikeni upya usiku huo huo. Kisha chapisheni nakala za ripoti kabla ya kuondoka, moja ibaki Mutanga, moja Gatumba kwa waliowaeleza maji yalivyopanda, na moja apelekewe yule mama wa Buyenzi aliyewapa chai, mkononi mwake, na jina lake likiwa limeandikwa ukurasa wa kwanza kama ameridhia.